Jina la Mwenzangu

Nilikwenda nchi ya baridi kumtunza dada yangu aliyejifungua, nikaolewa na jirani yake, Halvard. Nilipoomba ukazi wa kudumu, serikali ilitubandikia kisikizi, kidude cha kunasa maneno, ukutani jikoni. Kazi yake ni kuhesabu mke anamwita mumewe kwa jina mara ngapi. Kwao, usiyemtaja humpendi.

Mimi ni wa Pangani. Mama yangu hakumtaja baba kwa jina hata siku moja, na sijaona mke aliyependa kama yeye. Nami Halvard nilimwita “mwenzangu,” akaitika “naam” huku anacheka.

Mwezi wa kwanza kisikizi kiliandika sifuri.

“Jaribu, mke wangu,” Halvard akanibembeleza. “Watakurudisha kwenu.”

Nilijaribu nikiosha vyombo, nimempa mgongo, uso unawaka kwa haya. Halvard. Baadaye hata mezani: Halvard, Halvard. Mwaka ulipokwisha, haya zilikuwa zimeniisha.

Kibali kikaja. Nikapika biriani. Akaninong'oneza, “Sasa niite kama zamani.”

Nikafungua kinywa. Ukutani, taa ya kisikizi ilikuwa ingali inawaka. Hakuna aliyekuja kukibandua.

“Halvard,” nikamwambia, “kula, chakula kinapoa.”