Konstebo Nguchiro Ajaza Dodoso

Zamani wanyama walipoanza kuvaa sare, makao makuu yalileta dodoso kituoni: je, askari wa hapa hujifunza kazini? Konstebo Nguchiro, aliyeingoja kozi ya ukoplo miaka tisa, alikuna kichwa.

"Afande, niandike nini?"

"Ukweli," alijibu Sajini Kobe.

"Ukweli upi, afande?"

"Ule tuliosomewa kwenye paredi asubuhi."

Basi Nguchiro akaandika kwamba hujifunza kila siku, wala hakuna wasilolijua. Wiki ya pili, askari wote wakiwa kwenye paredi, ikaja barua: kituo kinapongezwa kwa ujuzi wake, na kozi imepelekwa kwa fisi wa kituo jirani, walioandika kuwa hawajui lolote.

Nguchiro aliisoma mara tatu, akauliza kama hiyo ni zawadi au adhabu.

"Wewe piga makofi," alisema Kobe. "Wenzako wote wanapiga."