Bia Mbili za Musyoki

"Bei imepanda, kilevi kimeshuka," Musyoki alinung'unika katika baa moja ya Ukunda, kidole gumba juu ya lebo ya chupa. "Hii sasa ni maji."

"Basi ongeza ya tatu, fundi," mhudumu akamwambia.

Lakini Musyoki alikuwa amemwahidi mkewe mbili tu. Zamani mbili zilimlewesha. Leo alirudi nyumbani na akili timamu na uchovu wote wa kubeba mawe.

Alimkuta mkewe mjamzito ameinama mlangoni, akiliburuta jiko la moto kando. Stuli na ndoo zilikuwa zimeshasogezwa ukutani.

Miaka yote Musyoki alijisifu kwamba hata akilewa hajikwai.

"Leo umewahi," mkewe alisema, akihema. "Ngoja kidogo, sijamaliza kukutengenezea njia."