Kikaango cha Marehemu Mama

Sheria iko wazi: jaji akistaafu anakuwa msuluhishi, na wafungwa wake wa zamani ndio wa kwanza kumwita. Akishaingia nyumbani kwako, haruhusiwi kutoka mpaka wagomvi wapatane.

Jaji Lwitiko alinifunga miaka sita kwa wizi ambao sikuufanya, nikaacha mtoto wa miaka miwili. Alipostaafu tu, nikamwita atusuluhishe mimi na mdogo wangu Sikudhani, tunaogombea kikaango cha marehemu mama.

Huu mwaka wa tatu analala stoo kwetu. Jioni anamfundisha binti yangu hesabu, na ni mwalimu mzuri, hilo silipingi.

Jana alipigiwa simu kwamba mkewe amelazwa, hali mbaya.

"Wanangu, nawasihi, pataneni leo tu," alisema.

"Kikaango ni changu," nikasema huku nikikisugua.

"Ni changu mimi," akajibu Sikudhani, kama tulivyopanga tangu siku ya kwanza.

Nilifurahi, Mungu shahidi. Mama yangu alizikwa nikiwa gerezani, nani aliniruhusu kutoka?

Jaji akarudi mezani, kwenye daftari la binti yangu. Mtoto akamuuliza kwa sauti ya chini, ila nilimsikia.

"Babu, na mimi siku nikimkosea mama, nitalala stoo miaka mingapi?"

Jaji akamfungulia ukurasa mpya wa daftari. Nikaendelea kukisugua kikaango.