Harusi ya Kwenye Katuni

Msichana wa kwenye katuni alipanda treni na sanduku lake, kijana akabaki ameshika mwavuli, na Modeste, aliyekuwa akitafsiri, akashusha maikrofoni. Halafu skrini ikawa nyeusi. Diski ya saba, ya mwisho, ilikuwa imekwisha bila harusi.

Kibanda cha video kilichafuka. Kazi ya Modeste pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ilikuwa kutafsiri filamu papo hapo, na kwa miezi saba, kipande kimoja kila Jumamosi, alikuwa amewaahidi watu hawa ndoa. Kusema kweli, Kijapani hakukijua hata cha salamu. Alitazama sura, akatunga. Diski ya kwanza ilimrahisishia kazi: kijana na msichana wanagongana mlangoni, wanagombania mkate, wananyeshewa chini ya mwavuli mmoja. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Nani asingeona mapenzi hapo?

Kuanzia diski ya tatu mambo yakapoa. Wawili hao walikula, wakanuniana, wakaenda shule, wakarudi, wakala tena. Modeste alilazimika kumtungia msichana baba mkali anayedai ng'ombe kumi na wawili. Hata ng'ombe hao walipokwisha kutolewa, kijana hakusema lolote.

"Modeste," alilalamika mama Annonciata wa benchi la mbele, "ule binti anaamukia kwabo na kijana kila siku, mama ya kijana anamupikia, na harusi haiko? Hiyo ni desturi ya wapi?"

"Ya Japani, mama."

Angecheka naye, lakini shingo yake mwenyewe ilikuwa kwenye kitanzi hicho. Mwanzoni mwa mwaka alimwomba Eliane, mshonaji wa jirani, awe mke wake. Eliane hakusema ndiyo wala hapana. Wiki iliyofuata alikwenda Mbarara kununua nyuzi, akarudi na diski saba, zawadi.

"Utafsirie watu," alimwambia kwa upole, macho chini. "Siku hawa babili bataoana, na miye nitaolewa na weye."

Tangu hapo Modeste akawa mfungwa wa katuni. Kaka yake aliyekodi shamba Rugaaga alimwita wakalime pamoja, akakataa. Wazazi wa Gisèle, binti mwingine wa kambini, walituma mtu kuulizia nia yake, akajifanya hakuelewa. Kuwaozesha wale wawili kwa mdomo tu kusingefaa, maana Eliane alikuja kila Jumamosi, na shela angeliona wapi kwenye picha? Modeste alimpenda mno, na aliogopa kumdanganya.

"Zingine zimebakia Mbarara," aliwatangazia watu waliokuwa wakilalamika mbele ya ile skrini nyeusi.

Eliane alipokuwa akitoka alisimama mbele yake kidogo. "Usijitese, Modeste," alisema.

Modeste aliyachukua maneno hayo kuwa ni mapenzi.

Jumatatu alikuwa Kakoba, mtaa wa Mbarara, kwa Arthur, muuza diski ambaye Eliane alinunua kwake. Arthur akaitia ile ya saba kwenye mashine, akabonyeza rimoti, na maandishi ya Kiingereza yakatokea chini ya picha. Mashine ya Nakivale haikuwa na rimoti, na Modeste shule yake ilikuwa ya Kifaransa.

"Hakuna ingine, ssebo," alisema Arthur. "Imeisha hapo."

"Na harusi?"

"Harusi ya nani?"

Modeste akawaonyesha kwa kidole, kijana na msichana.

"Hao?" Arthur alimtazama kutaka kujua kama anatania. "Hao ni mtu na dada yake. Mama moja, baba moja. Imeandikwa hapa tangu mwanzo."

Modeste akaketi juu ya kreti ya soda. Aliona aibu kwa ng'ombe wote wale, lakini zaidi alimwonea huruma Eliane, aliyekaa miezi saba akisubiri jambo lisilowezekana.

"Nitamwambia nini?" alisema. "Ule binti wa Nakivale mwenye alinunua diski kwako, mushonaji, anangojea hiyo harusi."

"Ule wa cherehani? Mimi si nilimwambia hiyo siku," alisema Arthur, akirudisha diski kwenye kasha lake. "Nilimwambia, nyabo, hawa hawawezi kuoana hata dunia iishe. Akasema basi, nimfungie hiyo hiyo."