Kutu ya Moyo

Mama yake alipoinuka kutoa ushuhuda, Kavira alikumbatia mkoba wake. Ndani mlikuwa na vikopo vya vitamini E, vya kuuza hapo nje ya kanisa ibada ikiisha.

"Bandugu, mulijua namna tension ya damu ilikuwa inanitesa. Mutoto wangu akaniletea hii dawa ya kuondosha kutu ku moyo!" Mama akainua kikopo juu, vidonge vikagongana ndani. "Ile ya hopitali niliisha kuitupa mu choo!"

Vigelegele vikalipuka. Ngoma ikaanza, na mama akaanza kucheza.

Neno hilo la kutu Kavira alilitoa kwenye semina ya wauzaji, akalirudia nyumbani asubuhi na jioni. Kwamba mama aache dawa ya hospitali, hakuwahi kusema. Wala hakuwahi kumwambia asiache.

Akaitazama miguu ya mama. Ilikuwa imevimba, nyama imefurika juu ya ukingo wa viatu, na bado ilikuwa inaruka.

"Kavira, uniwekee moja," mwanamke wa benchi la nyuma akamnong'oneza. "Na miye niko na tension. Nilichoka na ile ya docteur."

Mwimbishaji alikuwa amekwisha kumfikishia mikrofoni, aongeze neno. Kavira akasimama. Mkoba ukaanguka.

"Mama, ikala chini," akasema, na spika zote mbili zikarudia sauti yake. "Hii haiwezi kukamata fasi ya ile ya hopitali."

Ngoma ikanyamaza. Mama alibaki ameinua kikopo, na vidonge viliendelea kugongana.