Uyoga wa Baba Koki

"Baba Koki, kompyuta haijawahi kuumwa na tumbo!" Halimo, jirani yao, alifoka, mikono kiunoni. "Aliyeandika hiyo karatasi ni nani? Unamjua?"

"Imetoka intaneti, mama. Dunia nzima inaisoma." Kivuva aliipepea karatasi wapangaji wa ploti yote waione. "Tazama picha. Mweupe, shina refu, pete shingoni. Si ndio huu? Kwani nyinyi Wasomali mnajua uyoga? Bakini na nyama yenu!"

Watu wakacheka. Ilikuwa Jumamosi ya mvua, mwaka wa tisini na tisa, na pale mtaani Lucky Summer hakuna aliyekuwa na shughuli ila kusikiliza.

Ndunge, mke wa Kivuva, hakucheka. Ndiye aliyeuokota uyoga huo kando ya mto, na karatasi pia ndiye aliyemletea mumewe kutoka saiba, duka la intaneti la mjini. Sasa aliuosha polepole bombani, leso imeshushwa hadi jicho la kushoto. Alijigonga mlangoni, alisema. Mlango wa nyumba ile uligonga mtu kila mwisho wa mwezi.

"Mama Koki, usiupike bado," Halimo alimnong'oneza. "Nipe mmoja nikimbie maktaba. Watoto wakila je?"

"Watoto niliwapeleka Masii jana, kwa nyanya yao."

Halimo aliutia mmoja kwenye mfuko, akatimua mbio.

Mkutubi, Bwana Mwangangi, hakutaka hata kusikia habari ya intaneti.

"Kule kila mtu anaandika anachotaka," alisema, akiingiza sidii ya ensaiklopidia kwenye kompyuta ya maktaba. "Humu kila kitu kimekaguliwa na wataalamu. Jina la mwandishi lipo, mwaka upo. Ajabu, sidii hii imekaa mwaka mzima bila kuguswa, halafu wiki hii..."

"Fungua, kaka, fungua!"

Picha ilijitokeza kidogo kidogo. Mweupe. Shina refu. Pete. Kisha jambo ambalo karatasi ya Kivuva haikulitaja: kifuko chini kabisa ya shina.

Halimo aliugeuza uyoga wake, akaupangusa udongo. Kifuko kilikuwepo.

Maelezo yalikuwa mafupi. Ladha yake nzuri. Tumbo huvurugika baadaye sana, kisha mgonjwa hujiona amepona. Siku chache tu, ini limekwisha.

Alirudi akikimbia, karatasi aliyochapiwa maktaba ameificha ndani ya buibui isilowe. Harufu ya vitunguu ilimpokea langoni. Kivuva bado alikuwa uani, chini ya paa, akiwasomea watu ile yake kwa mara ya tatu. Halimo alimpita mbio, awahi sufuria kwanza.

Sufuria ilikuwa imeshaepuliwa. Mezani palikuwa na sahani moja.

"Mama Koki, ni sumu," alihema, akimsukumia karatasi mkononi. "Mwaga! Mwaga kabla hajaingia!"

Ndunge hakuisoma. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye makaa, akaitazama hadi ikaisha.

"Najua, Halimo. Mimi niliisoma Jumanne, kule kule maktaba."

Kisha akachungulia mlangoni, akaita kwa sauti tamu, ploti nzima ikasikia:

"Baba Koki! Ingia ule, chakula kinapoa."