Jogoo Alipoigiza Yusufu

Palikuwa na Jogoo, mzee wa kanisa, aliyekipenda kilima chao hata akaifunga bendera ya kilima juu ya msalaba. Akamwagiza Punda, bawabu asiyejua kuvunja amri: “Asiyezaliwa hapa kilimani haingii.” Korongo mgeni akabaki nje, ananyeshewa.

Siku ya Noeli Jogoo akaigiza Yusufu, na mkewe akaigiza Mariamu mjamzito. Wakabisha hodi mlangoni mwa kanisa.

“Mwatoka wapi?” akauliza Punda.

“Nazareti, ndugu yangu. Tusitiri, mke wangu ana uchungu.”

“Pole, mzee. Asiyezaliwa hapa kilimani haingii.”

Jogoo alipogeuka, Korongo alikuwa ameshamfunika Mariamu kwa bawa. Mvua ikazidi. Jogoo naye akajisogeza chini ya bawa hilo, polepole.